UZI: Redio za LoRa na Meshtastic. Usinunue bodi kabla hujajua antena itasimama wapi

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa nikiulizwa faraghani swali lilelile: "Mkuu, zile redio ndogo za kutumiana ujumbe bila laini, ninunue ipi?" Nimeona nifungue uzi, maana majibu mengi wanayopewa watu yanawapotezea hela. Mtu anatajiwa jina la bodi, anaagiza, inafika baada ya wiki nne, anaiwasha sebuleni, haimfikii hata jirani wa bondeni. Inaishia kabatini.

Kwa ambao ndiyo mara ya kwanza wanasikia: LoRa ni namna ya kurusha mawimbi ya redio iliyobuniwa na kampuni ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Inabeba data kidogo sana, ila inaifikisha mbali kwa umeme kiduchu. Meshtastic ni programu huria iliyoanzishwa na Kevin Hester mwaka 2020. Ukiipakia kwenye bodi yenye redio ya LoRa, unaandika ujumbe kwenye simu, simu inaupeleka kwenye bodi kwa Bluetooth, bodi inaurusha hewani, na bodi nyingine zilizousikia zinaurudia mpaka umfikie mwenyewe. Hakuna bando wala mnara wa kampuni yoyote. Ni maandishi tu, herufi kama 200 kwa ujumbe mmoja. Sauti na picha hazipiti.

Mimi niko Lushoto. Kikundi chetu cha maji kina banio msituni huko juu, na matangi yako upande wa pili wa mgongo wa mlima. Simu haishiki kwenye banio. Mvua kubwa ikinyesha, tope linaziba chujio, na anayelinda banio ilimbidi ashuke kwa miguu dakika arobaini ili kusema "fungeni koki". Wakati anafika, matangi yameshajaa tope. Hilo ndilo lililonisukuma, na ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Sasa hoja yangu yenyewe. Watu huanza na bodi. Mimi nasema bodi iwe ya mwisho. Anza na MAHALI, kisha MASAFA, kisha UMEME. Ukiyajua hayo matatu, bodi inajichagua yenyewe.

Mahali. Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka, karibu kama mwanga. Upeo wake kwa kilomita, kwenye ardhi tambarare, ni takriban 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Antena iliyo mita 2 juu ya ardhi inaona kama kilomita 6. Ya mita 10 inaona kilomita 13. Sasa simama pale Irente, ukingo unaoanguka kama mita 1,000 hadi Mazinde na nyika inayoelekea Mkomazi: hesabu inakupa zaidi ya kilomita 120. Bodi ni ileile ya dola 20. Kilichobadilika ni miguu yako imesimama wapi. Rekodi za umbali za zaidi ya kilomita 300 mnazozisoma ni za kilele kwa kilele, si za mtaani Sinza.

Kuona kwa jicho peke yake hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi tupu kuzunguka mstari wa kuonana, mfano wa yai refu. Kwa umbali wa kilomita 10 kwenye 868 MHz, yai hilo lina nusu kipenyo cha karibu mita 29 pale katikati. Kama katikati ya njia kuna mikaratusi inayogusa mstari huo, utaona mlima wa pili vizuri na ujumbe bado utakwama. Nilikaa siku mbili nikilaumu programu kabla sijaelewa kwamba shida ilikuwa miti.

Masafa. Hapa ndipo naomba msome polepole, kwa sababu kosa la hapa linaumiza na wengine.

Vifaa vingi vinavyotangazwa ni vya soko la Marekani, 915 MHz. Mpangilio wa Marekani kwenye Meshtastic unatumia 902 hadi 928, na chaneli ya kawaida inaangukia 906.875 MHz. Huku kwetu, kama ilivyo Ulaya, bendi ya simu ya 900 inatumia 880 hadi 915 kwa simu kuzungumza na mnara. Maana yake ukiiwasha kwa mpangilio wa Marekani, unapiga kelele kwenye sikio la mnara wa simu. Mtu anayempigia mkunga usiku anaweza kukosa laini kwa sababu yako. Sitaki mtu yeyote aliyesoma uzi huu afanye hivyo.

Chagua 868, na kwenye programu weka EU_868. Chaneli ya kawaida inakuwa 869.525 MHz, na programu yenyewe inakubana usirushe zaidi ya asilimia 10 ya muda. Halafu soma masharti ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA (Kenya ni CA), kuhusu redio za masafa mafupi na uidhinishaji wa vifaa kabla hujaagiza, kwa sababu redio ni redio hata ikiwa ndogo kama kiberiti.

Bodi nyingi za siku hizi zinafanya 863 hadi 928 zote, kwa hiyo bodi iliyoandikwa 915 unaweza kuihamishia 868. Antena ndiyo haihami. Duka moja la mtandaoni liliniuzia seti "ya 868", nikaja kupima antena zake kwa NanoVNA (kifaa cha kupimia antena) nikakuta zimekaa sawa kwenye 915. Robo tatu ya malalamiko ya "haifiki mbali" ninayoletewa ni antena za namna hiyo.

Kuna na 433 MHz. Inapenya majani vizuri zaidi, lakini kiwango cha nguvu kinachoruhusiwa ni kidogo, antena ni ndefu maradufu, na bodi yake ni nyingine kabisa. Huwezi kuibadilisha kwa programu. Kama majirani wako wote wako 868, usijitenge.

Umeme. Chipu kuu kwenye bodi nyingi za namna hii ni za aina mbili. ESP32 ya Espressif ina Wi-Fi na Bluetooth, ni rahisi, na inakula umeme. nRF52840 ya Nordic ina Bluetooth bila Wi-Fi na inakula kidogo mno. Nilizonazo nimezipima: Heltec V3 (ESP32) ikiwa inasikiliza muda wote inakaa kwenye takriban miliampia 100. RAK4631 (nRF52840) inakaa kwenye 10 hivi. Kwa siku ni mAh 2,400 dhidi ya 240. Betri moja nzuri ya 18650 yenye mAh 3,000 inaibeba ya kwanza siku moja na ushee, ya pili siku kumi na mbili. Sisi huku masika ukungu unaweza kukaa wiki bila jua kuonekana. Kwa nodi (yaani bodi iliyowashwa ndani ya mtandao) ya mlimani, kwangu hakuna mjadala.

Nitaendelea kesho na bodi moja moja. Ulizeni.

#2 – koleo_na_lehemu

Shukrani mkuu, uzi umetulia. Hiyo ya 915 na minara sikuwahi kuisikia popote. Nina bodi mbili nilizozipata kwa jamaa aliyetoka Houston, nimezizima sasa hivi mpaka nibadilishe antena.

#3 – jahazi_la_kilwa

Naomba kueleweshwa. Sisi ni wavuvi, tunatoka usiku. Je, hizi zinaweza kutuunganisha na pwani?

#4 – Mwanzisha uzi

@jahazi_la_kilwa, bahari ni rafiki wa mawimbi haya kwa sababu hakuna mti wala jengo, ila dunia imejipinda palepale. Mashua mbili zenye antena mita 2 juu ya maji zinaonana mpaka kama kilomita 11 au 12. Mkisimamisha mlingoti wa mita 15 ufukweni, mashua itaonana nao mpaka kilomita 21 hivi. Mawimbi ya bahari yakiinuka, toa kidogo. Kila mashua iliyo katikati inarudia ujumbe, kwa hiyo zikiwa zimetawanyika mnafika mbali zaidi ya hapo.

Kwa mashua usinunue bodi wazi ukaitia kwenye kopo. Chumvi itaila. Angalia SenseCAP T1000-E ya Seeed: ni bapa kama kitambulisho, imezibwa, ina nRF52840 na GPS ndani, inahimili maji ya kurushiwa (IP65), ila si ya kuzamishwa. Antena yake ni ya ndani, kwa hiyo haiwi na mkono mrefu kama ya nje, lakini inavumilia. Ivaeni shingoni, msiiweke mfukoni mwa suruali iliyolowa, maana mwili na maji vinameza mawimbi.

Na nasema hili kwa moyo wote: isichukue nafasi ya redio ya VHF ya baharini na chaneli 16. Meshtastic haina mtu anayesikiliza saa zote kwa ajili ya kuokoa. Ni ya kusema "tumefika mwambani, tunarudi alfajiri". Maisha yakiwa hatarini, shika VHF.

#5 – vumbi_la_voi

Habari ndugu. Mimi niko upande wa Taita, Kenya. Niko na Heltec V3 mbili na T-Beam moja ya zamani. Nataka kuweka moja juu ya Sagalla itusaidie sisi wa chini. Umesema ESP32 ni mlafi, sasa hizi nizitupe?

#6 – Mwanzisha uzi

Usitupe hata moja, ndugu yangu. Ziweke penye umeme. Heltec V3 ni bodi nzuri ya nyumbani: iweke juu ya paa, kebo ya USB chini, itumie Wi-Fi yako. Kwa dola 20 hivi, ndiyo ninayompa kila anayeanza ajifunze nayo. Ila angalia plagi ya betri: ni ndogo ya mm 1.25, na mpangilio wa chanya na hasi haufanani na wa bodi nyingine. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka. Ukiigeuza, bodi imekufa.

T-Beam ya LILYGO ina kishikio cha 18650 na GPS, kwa hiyo ni ya kutembea nayo au ya kwenye gari. Kama ni ya zamani yenye redio ya SX1276 itaongea na wenzake wenye SX1262 bila shida, ila SX1262 inakula umeme kidogo zaidi ikisikiliza na inarusha mpaka dBm 22, yaani kama miliwati 158. Kwa nodi isiyohama, zima GPS na uandike mahali ilipo kwa mkono.

Kwa Sagalla nunua RAK: moduli ya RAK4631 juu ya ubao wa RAK19007. Heltec T114 nayo ina nRF52840 na ni nafuu. Zote mbili zinafaa. RAK naipenda kwa sababu unaweza kuongeza kihisi cha joto au shinikizo la hewa bila kulehemu.

Onyo moja kuhusu RAK19007: tundu lake la sola halitaki zaidi ya volti 5.5. Paneli zinazouzwa kama "6V" zikiwa juani bila mzigo hupanda kufikia volti 7. Nunua paneli ya volti 5, au weka kidhibiti cha chaji katikati.

#7 – koleo_na_lehemu

Mkuu, paneli ya wati ngapi?

#8 – Mwanzisha uzi

Piga hesabu kwa siku mbaya, usipige kwa siku nzuri. nRF inataka takriban wati-saa 1 kwa siku. Paneli ya wati 1, jua la saa 4, ukitoa upotevu, inakupa kama 3. Inatosha kwa siku za kawaida, na kwetu mlimani nimeweka ya wati 2 kwa ajili ya ukungu. ESP32 inataka wati-saa 9, hapo uko kwenye paneli ya wati 5 au 6, boksi kubwa, chuma kizito, na upepo unaisukuma. Gharama uliyookoa kwenye bodi unailipa kwenye paneli.

Betri: 18650 iliyoandikwa mAh 9,900 ni uongo mtupu. Seli halisi ya umbo hilo inaishia karibu 3,500. Zile za maandishi makubwa nilizozipima zilitoa chini ya 1,200. Kama nodi itakaa nyika yenye joto kali, fikiria LiFePO4 (betri ya lithiamu inayovumilia joto zaidi) na kidhibiti chake, maana boksi lililofungwa juani linakuwa tanuri.

Sasa antena, na hapa ndipo ningependa kila mmoja atumie hela yake.

Watu wanaona "12 dBi" (dBi ni kipimo cha jinsi antena inavyoyabana mawimbi upande mmoja) wanadhani wamepata nguvu. Antena haizalishi nguvu, inaibana tu. Ya fimbo yenye dBi nyingi inaubana mzunguko wa mawimbi kuwa kama chapati, nyembamba na inayokwenda mbali mlalo. Kwenye nyika ni sawa. Mlimani, chapati hiyo inapita juu ya vichwa vya watu wa chini. Niliweka ya dBi 10 ukingoni, na mtu wa Mazinde, aliye karibu chini ya miguu yetu, alikuwa hasikiki, wakati mtu wa mbali nyikani anasikika safi. Nikaishusha nikaweka ya dBi 3, wote wakaingia. Kwa mlimani kaa kati ya 2 na 5.

Kebo ni mwizi. RG174, ile nyembamba, kwenye masafa haya inakula karibu dB 1 kwa kila mita. Mita tatu ni dB 3, yaani nusu ya nguvu yako imepotea kabla haijafika kwenye antena, na nusu ya usikivu wako pia. Suluhisho langu ni kuweka bodi juu kabisa kwenye boksi, antena ikichomoka moja kwa moja kutoka kwenye boksi, na kebo ya umeme ndiyo ishuke. Kama lazima kebo ya redio iwe ndefu, nunua LMR-400. Hiyo inapoteza kama dB 0.13 kwa mita.

Angalia pia vichwa. SMA na RP-SMA vinafungana kwa skurubu vizuri kabisa, lakini katikati pini haikutani na tundu lake, na wewe unaamini umeunganisha. Chungulia ndani kabla ya kufunga. Kile kitufe kidogo cha IPEX kwenye bodi kimetengenezwa kufungwa na kufunguliwa mara chache tu, kama 30, usikichezee. Na usiwashe bodi bila antena, unaunguza redio.

#9 – dada_wa_mtaro

Kaka, na hizi zenye wati 1? Nimeona zinatangazwa kwamba zinafika mara mbili.

#10 – Mwanzisha uzi

Dada, wati 1 ni sauti kubwa tu, masikio ni yaleyale. Wewe utasikika mbali, wenzako wenye bodi za kawaida watakujibu na hutawasikia. Na utakuwa umezijaza hewa zao. Ujumbe mrefu kwenye LongFast (mpangilio wa kawaida wa Meshtastic) unakaa hewani karibu sekunde 2, na wakati huo wote wengine lazima wanyamaze. Panda mita tano juu, ni bora kuliko kuongeza nguvu.

Hilo linanipeleka kwenye mpangilio. Bodi nzuri iliyopangwa vibaya inaua mtandao mzima. Acha kila kifaa kiwe CLIENT (jukumu la kawaida la mtumiaji). ROUTER (jukumu la kurudia ujumbe kwa kipaumbele) ni kwa nodi moja au mbili zilizo juu kweli, zinazoonana na wote. Nodi ya sebuleni ikiwekwa ROUTER inawahi kurudia ujumbe kabla ya ile ya mlimani, na ujumbe unakufia mtaani. Idadi ya mirudio ya kawaida ni 3. Iache hivyo isipokuwa una sababu unayoweza kuieleza.

Na badilisha ufunguo wa chaneli. Ule unaokuja nao unajulikana na dunia nzima. Tengeneza wa kwenu, mpeane kwa msimbo wa QR mkiwa mmekaa pamoja.

#11 – vumbi_la_voi

Asante sana. Na MeshCore je? Kuna watu wanahamia huko.

#12 – Mwanzisha uzi

Ni programu nyingine juu ya bodi hizihizi. Huko vifaa vya mkononi havirudii ujumbe, ni nodi za kurudia peke yake, kwa hiyo hewa inatulia watu wakiwa wengi. Meshtastic na MeshCore hazisikilizani. Vifaa ni vilevile: RAK, Heltec, T1000-E, T-Deck. Kwa hiyo uchaguzi wa bodi haubadiliki, mnachotakiwa ni kukubaliana wote mnatumia ipi. Sisi tuko wachache, tumebaki Meshtastic.

T-Deck, kwa kuwa wengi wameniuliza: ina kibodi na skrini, huhitaji simu. Inavutia sana mkononi. Lakini ni ESP32 na skrini kubwa, betri inaisha mapema. Sisi tumempa mlinzi wa banio kwa sababu simu yake ni ya vitufe, na pale kuna paneli ya kuchajia. Kwa mwingine yeyote ningesema tumia simu uliyonayo na kifaa kidogo cha nRF.

#13 – dada_wa_mtaro

Na radi, kaka? Sisi huku Njombe hatuna mchezo nayo.

#14 – Mwanzisha uzi

Swali zuri, na nilipaswa kulisema mapema. Nodi ya dola 30 hainiumizi, mtu ndiye anayeniumiza. Usifunge mlingoti wa chuma kwenye paa la nyumba wanamolala watu bila kuuunganisha na ardhi kwa waya (earth). Weka kinga ya radi kati ya antena na bodi, waya mnene ushuke moja kwa moja hadi kwenye fimbo ya shaba, bila kona kali. Nodi ya sola iliyo peke yake juu ya nguzo ya mti, bila waya unaoingia ndani ya nyumba, ndiyo salama kuliko zote. Wingu likianza kunguruma, hakuna kupanda.

Boksi: chagua la IP67, matundu ya kebo yaangalie chini, na acha tundu dogo la kupumulia chini kabisa. Boksi lililozibwa bila pumzi linatoa jasho ndani usiku, asubuhi unakuta bodi imelowa. Viunganishi vya nje vizungushie ule utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Gundi ya kawaida jua linaila mwaka mmoja.

#15 – Mwanzisha uzi

Mrejesho wakuu. Wiki hii mvua ilinyesha usiku kwenye chanzo. Saa 9 na dakika 12 usiku kifaa changu kililia: "Tope. Fungeni." Koki ilifungwa kabla tope halijafika kwenye matangi. Nodi ya ukingoni ilikuwa na asilimia 81 ya betri baada ya siku nne za ukungu.

Sasa nahitaji mtu wa Mombo au Mkomazi mwenye paa refu au tangi la kuinuka, aniambie anaona ukingo wa mlima bila miti katikati. Bodi na antena ninazo za ziada na nimeshazipima, kuonana tu ndiko kulikobaki. Anayefaa anitumie ujumbe faraghani, Jumamosi nashuka.